Kukosa usingizi si dhambi: dhidi ya wanaowanyima vijana wetu daktari



Katika mafungo ya Kwaresima ya mwaka jana, mhubiri mmoja mgeni alisimama mbele yenu akatangaza mambo mawili. La kwanza, kwamba kijana anayekesha usiku kucha bila kupata usingizi ana dhambi aliyoificha. La pili, kwamba Mkristu anayekwenda kwa daktari wa magonjwa ya akili amekwisha kumwambia Mungu kuwa hamtoshi. Ninyi mlipiga makofi. Sisi makatekista tulikuwa tumeketi kwenye benchi la nyuma, tukatazamana, tukanyamaza. Leo tunaandika ili kulipa deni la kimya kile, kwa sababu kuna mtu aliyekilipia kabla yetu, na alikilipia kwa mwili wake.

Kati yenu siku ile alikuwamo kijana mmoja ambaye hatutamtaja jina. Ametupa ruhusa ya kuyasimulia haya, nasi tunamshukuru. Alikuwa mwimbaji wa korali, mwanafunzi aliyejiandaa kwa mtihani wa serikali. Majuma matatu kabla ya mafungo alikuwa akilala saa mbili tu kwa usiku, wala hakuchoka. Alizungumza bila kituo, akaanza kazi kumi bila kumaliza hata moja, akagawa njiani faranga za mtaji wa mama yake, akasema kwamba yeye peke yake atajenga kanisa jipya kabla ya Noeli. Watu walicheka, wengine walisema amejazwa Roho. Kisha, kama mshumaa uliopulizwa, akazimika. Akalala siku nyingi akitazama ukuta, asioge, asile, na usingizi haukurudi. Ndipo wazo moja lilipomjia na kukataa kuondoka: kwamba jamaa yake ingepumzika endapo yeye asingekuwapo.

Alikuja kwetu kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Sisi, wenye diploma ya ualimu na miaka mingi ya kufundisha katekisimu, tulimwambia nini? Tulimpa novena na kumwagiza afunge siku tatu. Hatukumwuliza kama anakula. Hatukumwuliza kama anataka kufa. Alipolisikia neno la yule mhubiri, aliamini kwamba tumemficha ukweli, kwamba yeye ni mdhambi tu. Baada ya mafungo jamaa yake walimpeleka katika chumba kimoja cha maombi. Huko alikaa siku kumi na moja. Alinyimwa chakula ili pepo adhoofike, na alipojaribu kutoka, alifungwa kwa kamba kwenye chuma cha dirisha. Siku ya kumi na mbili dada yake mkubwa, mchuuzi wa samaki sokoni, aliacha meza yake, akaingia mle chumbani, akamfungua, akampeleka hospitali ya magonjwa ya akili. Leo kijana yule anameza dawa, analala, anasoma, na amerudi kuimba. Alama ya kamba ingali kwenye kiwiko cha mkono wake.

Tunauliza basi: katika habari hii, ni nani aliyetenda kama Msamaria mwema? Je, ni mhubiri? Je, ni sisi? Au ni yule mchuuzi wa samaki ambaye hajasoma teolojia hata siku moja?

Tunazijua hoja za wanaotupinga, kwa kuwa zamani baadhi yake zilikuwa zetu. Tuzichunguze moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza: “Ni upungufu wa imani”

Wanasema kwamba Mkristu wa kweli hahuzuniki, na kwamba anayesali kwa moyo hawezi kusumbuliwa na mawazo ya kifo. Wanaosema hivyo waifungue Biblia Takatifu katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya amekwisha kuwashinda manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli. Moto umeshuka kutoka mbinguni mbele ya macho ya taifa zima. Ni nani aliyekuwa na imani kuliko yeye siku ile? Lakini mara Yezebeli alipomtishia, nabii huyo huyo alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai.

Sasa angalieni Mungu anavyomtendea. Hamkemei. Hamwambii kwamba ana pepo. Hamwamuru kufunga. Anamwacha alale. Kisha anamtumia malaika mwenye mkate uliookwa juu ya mawe ya moto na mtungi wa maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na kumlisha tena, kwa maana safari iliyo mbele yake ni ndefu kupita nguvu zake. Ni baada ya usingizi na chakula tu ndipo nabii anapotembea siku 40 hadi Horebu, na huko ndiko Mungu anakosema naye. Usingizi kwanza, mkate kwanza, mkono wa kumgusa kwanza, mahubiri baadaye. Sisi tuligeuza utaratibu huo juu chini: tulimpa mgonjwa mahubiri, tukamnyima mkate.

Wasome pia habari za Yobu, aliyeilaani siku ya kuzaliwa kwake, na ambaye Mungu hakumhesabia kosa. Bali aliwakasirikia rafiki zake watatu waliokuja na maelezo mengi juu ya dhambi zake. Wasome Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kwisha katika giza, bila neno hata moja la furaha, na bado Eklezya inaiweka kinywani mwetu kama sala. Na zaidi ya wote wamtazame Bwana wetu mwenyewe katika bustani ya Getsemani: huzuni yake ilikuwa nzito kiasi cha kufa, naye aliwaomba rafiki zake jambo moja tu, wakae macho pamoja naye. Je, Yezu alipungukiwa na imani? Asiyethubutu kusema hivyo juu ya Mwalimu, asithubutu kusema hivyo juu ya mwanafunzi.

Hoja ya pili: “Ni pepo, au ni uchawi”

Hapa tunahitaji kusema kwa uangalifu, kwa sababu sisi ni Wakatoliki na hatukani kwamba shetani yupo. Lakini ni kwa sababu tunaamini hivyo ndiyo maana Eklezya imeweka ulinzi. Katekisimu ya Eklezya Katolika, namba 1673, inafundisha kwamba ugonjwa, hasa ugonjwa wa akili, ni jambo tofauti kabisa, na kwamba kuutibu ni kazi ya elimu ya uganga; kwa hiyo kabla ya kufanya ibada ya kupunga pepo lazima kuhakikisha kwamba si ugonjwa. Nayo Sheria ya Eklezya, kanuni ya 1172, haimruhusu mtu yeyote kumpunga pepo mwenye kupagawa bila idhini ya pekee na ya wazi kutoka kwa Askofu, wala Askofu hampi idhini hiyo ila padri mwenye ibada, elimu, busara na mwenendo mwema.

Pimeni wenyewe. Padri aliyesoma seminari miaka mingi, aliyewekewa mikono, hawezi kufanya jambo hilo kwa kujiamulia. Ni nani basi aliyempa ruhusa mtu aliyefungua chumba cha maombi nyuma ya nyumba yake, ambaye hana askofu, hana muuguzi, hana hata kipimo cha malaria? Tunasema “kipimo cha malaria” si kwa dhihaka. Malaria inayopanda kichwani humfanya mtu aweweseke na kusema maneno yasiyoeleweka. Kifafa humwangusha mtu chini akitoa povu. Damu kukosa sukari, homa kali, na baadhi ya magonjwa ya tezi huvuruga akili. Mtoto mwenye malaria ya kichwa anayechelewa chumbani siku tatu akipigiwa kelele anaweza kufa huko, na watu wakasema ni wachawi waliomshinda.

Na wachawi hao ni akina nani? Kila mara ni bibi mzee, mke wa pili, mtoto yatima, jirani aliyefanikiwa. Mtu akikosa usingizi huku kwetu Kivu, kabla ya siku tatu jina la jirani limekwisha kutajwa, na neno karuho limekwisha kusikika. Hivyo ugonjwa mmoja unazaa majeraha mawili: mgonjwa hapati dawa, na asiye na hatia anapigwa mawe. Amri ya nane inakataza ushuhuda wa uongo. Amri ya tano inakataza kuua. Chumba cha maombi kinachowafunga wagonjwa na kuwataja wachawi kinazivunja zote mbili kwa pamoja, kisha kinaomba sadaka.

Hoja ya tatu: “Ni ugonjwa wa Wazungu”

Tumewasikia hata watu waliosoma wakisema kwamba mambo haya ya huzuni na wasiwasi ni ya nchi za matajiri, na kwamba Mwafrika ni mvumilivu. Tunawajibu kwa hesabu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika maeneo yaliyoguswa na vita, mtu mmoja kati ya watano, yaani asilimia 22, ana ugonjwa wa akili wa namna fulani: huzuni kubwa, wasiwasi, mshtuko unaobaki baada ya maovu, kuvurugika kwa furaha na huzuni, au kupotewa na akili. Mmoja kati ya watano! Katika korali ya watu 40, hesabu hiyo ingetoa wanane. Katika nchi yetu ya mashariki ya Congo vita vimekuwa vikija na kuondoka na kurudi tangu mwaka 1996. Kijana wa miaka 20 hapa hajui mwaka hata mmoja ambao hakusikia habari za risasi, za wakimbizi, za mashamba yaliyoachwa na wanawake waliodhalilishwa. Na mnataka kutuambia kwamba usingizi hupotea Ulaya tu?

Babu zetu walijua. Tuna maneno yetu ya zamani: moyo mzito, mawazo mengi, kichwa kinachozunguka, moyo unaokwenda mbio. Lugha haiundi jina la kitu kisichokuwapo. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, alipoanzisha hospitali ya Panzi hapa Bukavu mwaka 1999, kazi ilimwonyesha kwamba kushona mwili wa mwanamke aliyedhalilishwa hakutoshi. Ilibidi pia kuuhudumia moyo wake uliovunjika. Ndiyo sababu Panzi huweka msaada wa mawazo na wa moyo sambamba na upasuaji, pamoja na msaada wa sheria na wa maisha. Mwaka 2018 dunia ilimheshimu kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Sisi tulipiga vigelegele barabarani. Lakini somo lenyewe hatukulichukua.

Tena ugonjwa huu unawapenda vijana. Shirika hilo hilo la Afya linafundisha kwamba theluthi moja ya magonjwa ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14, na mengi hubaki bila kutambuliwa. Ule wa kupanda na kushuka, ambao ulimkumba kijana wetu, mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana. Basi tunapozungumza na Xaveri, na Kizito-Anuarite, na Kiro, na korali za vijana, hatuzungumzi na watu walio mbali na jambo hili. Tunazungumza na wenye nalo.

Hoja ya nne: “Dawa humfanya mtu kuwa mjinga”

Katika hoja hii kuna chembe ya ukweli, nasi hatutaificha. Dawa za akili zina uzito wake. Nyingine huleta usingizi mwingi, nyingine hukausha mdomo, nyingine hutetemesha mikono, nyingine huongeza unene. Dawa nyingi za huzuni kubwa hazifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua majuma mawili, manne, au hata zaidi. Mgonjwa anayetarajia muujiza wa usiku mmoja huzitupa siku ya tano na kusema kwamba hazifai. Lakini jibu la dawa isiyomkubali mtu ni kurudi kwa daktari ili abadilishe kipimo au aina, si kuacha ghafla kwa sababu jirani amesema. Kijana wetu alishawishiwa mara moja kuacha dawa akiwa amepata nafuu. Kwa muda wa mwezi mmoja aliporomoka tena. Mwenye kisukari haachi dawa kwa kuwa sukari imeshuka. Imeshuka kwa sababu anaimeza.

Mjue pia kwamba Mungu huficha uponyaji katika vitu vidogo. Mwaka 1949 daktari mmoja wa Australia, John Cade, aliandika jinsi chumvi ya madini yanayoitwa lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa waliokuwa wakipanda kupita kiasi. Ni chumvi tu, inayotoka mawe ya ardhi, na hadi leo ni moja ya dawa kubwa za ugonjwa huo, ingawa inahitaji kupimwa damu mara kwa mara. Mwenye hekima Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, alikwisha kufundisha hayo karne mbili kabla ya Kristu: kwamba daktari anastahili heshima kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba, kwamba dawa hutoka katika ardhi kwa mapenzi ya Mungu, na kwamba mgonjwa asali, atubu, atoe sadaka, kisha ampe daktari nafasi yake. Tazameni vizuri: sala na daktari katika ukurasa mmoja, wala hakuna anayemfukuza mwenzake. Anayewalazimisha vijana kuchagua kati ya viwili hivyo anaipasua Biblia katikati.

Eklezya haikuishia kwenye maneno. Mtakatifu Yohane wa Mungu, aliyefariki mwaka 1550, aliwahi yeye mwenyewe kufungiwa pamoja na wendawazimu katika hospitali ya Granada huko Hispania na kupigwa mijeledi, kwa maana ndivyo walivyotibiwa nyakati hizo. Alipotoka hakuwalaani waganga. Alianzisha nyumba ambamo wagonjwa walilazwa vitandani na kutendewa kama watu. Mwaka 1807, katika mji wa Gent, padri Petro Yosefu Triest alianzisha shirika la Mafrere wa Mapendo, na baadaye akashirikiana na daktari Joseph Guislain ili wagonjwa wa akili waondolewe minyororo na wapate uganga. Padri na daktari katika kazi moja! Ni shirika hilo hilo linalohudumia leo kituo cha Sosame hapa Bukavu, kituo cha Tulizo Letu huko Goma, na kile cha Lubumbashi chenye jina la huyo Guislain. Minyororo ambayo Eklezya iliivunja zaidi ya miaka 200 iliyopita, sisi tunaisuka upya kwa kamba za nailoni, kisha tunaiita maombi.

Nanyi vijana, hamko nje ya lawama. Ni mara ngapi tumewasikia mkimtania mwenzenu kwamba anafaa kupelekwa Sosame? Mmeligeuza jina la nyumba ya uponyaji kuwa tusi. Matokeo yake ni kwamba yule anayehitaji kwenda huko anaogopa kucheka kwenu kuliko anavyouogopa ugonjwa wake.

Tufanye nini basi?

Hatujaandika ili tuishie kwenye kulaumu. Tunajua kwamba hospitali ni mbali kwa wengi, kwamba safari ina gharama, kwamba madaktari wa akili ni wachache mno katika nchi hii kubwa, na kwamba serikali imelisahau jambo hili. Umaskini huo ndio unaojaza vyumba vya maombi. Lakini yapo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tujue dalili. Usiku mmoja wa kukesha si ugonjwa, na huzuni ya msiba si ugonjwa. Lakini mtu akikosa usingizi kwa majuma mawili, akiacha kula au kuoga, akikosa ladha ya kila alichokipenda, akipandwa na furaha au hasira isiyo na sababu na kusema bila kituo, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akisema kwamba afadhali asingezaliwa, huyo anahitaji msaada, si hukumu.

Pili, tuulize. Wengi huogopa kumwuliza mwenzao kama anafikiri kujiua, wakidhani kwamba swali litampandia wazo hilo. Sivyo. Swali lililoulizwa kwa upendo humfungulia mlango. Akikiri, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Ondoeni karibu naye sumu ya panya, dawa za shambani, kamba na visu. Mwiteni mtu mzima mnayemwamini, na mpelekeni siku hiyo hiyo penye muuguzi au daktari. Akiwaomba mtunze siri, mwambieni ukweli: siri ya kitubio ni ya padri, rafiki anatunza uhai kwanza.

Tatu, tuanzie karibu. Si lazima safari ianzie mjini. Kituo cha afya cha mtaa kinaweza kumpima malaria na magonjwa mengine, kumsikiliza, na kumwandikia barua ya kupelekwa mbele. Msinunue vidonge vya usingizi katika farmasi ya barabarani kwa kujiamulia. Baadhi yake humfunga mtu kuliko ile kamba ya dirishani. Wala msitafute usingizi ndani ya bangi au kanyanga: vitu hivyo huazima usiku mmoja na kudai mwezi mzima.

Nne, tusindikize. Shirika letu la mtaa linajua kukusanya faranga za kilio. Lijifunze kukusanya faranga za safari ya hospitali kabla ya kilio. Xaveri wawili wanaomsindikiza mwenzao kituoni, wanaomkumbusha dawa, wanaokaa naye jioni bila maneno mengi, wanatenda lile ambalo Petro, Yakobo na Yohane walishindwa kutenda Getsemani.

Tano, tusali, na tusali vizuri. Mgonjwa wa akili ana haki ya Misa, ya Kitubio, ya Mpako wa wagonjwa. Padri na amwombee kwa upole, na amwulize: “Je, umemeza dawa zako?” Swali hilo nalo ni sala. Mfungo, lakini, si wa mgonjwa. Yeye ale na alale.

Na kwa jamaa waliokwisha kumpoteza mtoto kwa namna ile tunayoogopa kuitamka, tunasema jambo ambalo wahubiri wengi wanalificha. Katekisimu, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba mateso makali ya akili, hofu kubwa na uchungu hupunguza lawama ya aliyejiondolea uhai, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Mungu ana njia anazozijua mwenyewe, na Eklezya inawaombea. Anayekuambieni kwamba mtoto wenu amekwisha kuhukumiwa, amejiketisha katika kiti kisicho chake.

Mwisho tunarudi kwako wewe unayesoma haya usiku, wakati nyumba nzima imelala na wewe macho yako hayafumbi. Huna pepo kwa sababu hulali. Wala hujamkosea Mungu kwa kuwa umechoka. Kesho asubuhi mwambie mtu mmoja: mama, dada, mwalimu, padri, muuguzi. Ukija kwetu, hatutakupa novena peke yake. Tutakuuliza kama umekula. Tutatafuta faranga za safari, tutaketi nawe kwenye foleni ya hospitali, na rozari tutaisali hapo hapo tukimngojea daktari.

Hivyo ndivyo tulivyopaswa kufanya mwaka jana. Kijana yule ametusamehe, lakini msamaha wake haututoshi mpaka benchi la nyuma litakaposimama. Siku mhubiri mwingine atakapokuja kuwaambieni kwamba daktari ni adui wa imani, msipige makofi. Nasi, kwa neema ya Mungu, hatutanyamaza.

Mtakatifu Yohane wa Mungu, utuombee.